Suruali ya Mwenyekiti Mwinjaka

Palikuwa na mwanamke, Mashavu, aliyeendesha vibanda vitatu sokoni peke yake: cha chai, cha kusuka nywele na cha kushona. Mwenyekiti wa soko, Mwinjaka, alivitamani kwa ajili ya shemeji zake. Akatangaza, "Leo nakagua mpaka saa kumi. Kibanda nitakachokikuta hakina mwenyewe, nakichukua."

Alianzia cha kushona.

"Mwenyekiti, suruali imechanika nyuma," Mashavu akamnong'oneza. "Utapitaje mbele za watu hivyo? Ivue niishone."

Mwinjaka akajifunga khanga, akajificha nyuma ya pazia. Mashavu akaondoka na suruali, akauza chai, akasuka vichwa viwili, akairudisha saa kumi na moja.

"Muda wa ukaguzi umepita," Mwinjaka akalalamika. "Kwani ilichanika wapi?"

"Hata mimi nimepatafuta mchana kutwa," Mashavu akajibu, "sijapaona."