Blanketi Halina Moto

Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa. Msigeuke kutazamana! Simsemi mtu wa humu ndani, huyu nimemtunga mwenyewe. Lakini ukisikia unawashwa, jikune.

Mkewe alijifungua kabla ya siku zake, mwezi Julai, baridi yetu hii mnayoijua, ya kuamka ukakuta majani ya viazi yameungua kwa sakitu, ule umande ulioganda. Mama mtu akakimbizwa chumba cha upasuaji, damu haikatiki. Umeme hakuna, jenereta ya hospitali inatosha chumba cha upasuaji tu, na ile mashine ya kuwatia watoto joto imekaa pale kama kabati.

Nesi akamwambia yule baba, "Vua shati, baba. Mtoto akae kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, niwafunike wote wawili. Huyu hana joto lake mwenyewe. Atalipata kwako."

Mzee akatupa jicho mlangoni. Mama mkwe wake alikuwa ameketi pale kwenye benchi. Bibi wa watu angembeba mjukuu wake mwenyewe, ila alikuwa anakohoa wiki nzima na nesi alimkataza kumsogelea mtoto.

"Nesi, yule pale ni mkwe wangu. Nivue shati mbele ya mkwe?"

Mnacheka. Haya, chekeni. Nani kati yenu angevua?

Yule bibi akasikia. Akajifunika khanga usoni, akainuka, akatoka nje, akasimama kwenye baridi na kikohozi chake ili mkwewe avue shati. Heshima imelindwa, au siyo? Haya, kisingizio kimekwisha. Je, alivua?

Thubutu! "Wazee wenzangu wako njiani," akasema. "Wakinikuta kifua wazi, nimepakata mtoto kama mama anayenyonyesha, Jumapili nitasimamaje mbele ya watu? Mfunge mablanketi, nesi. Wanakuja nayo, tena mazito."

Nesi akapandisha sauti. "Blanketi halina moto, baba! Linatunza joto lililopo. Huyu analo lipi la kutunzwa?"

Jamani, hili nalo ni la kusomea? Chukua chupa ya chai, mimina maji ya kisimani, funga kifuniko, kaa usubiri. Utakunywa chai? Utasubiri mpaka uote mvi! Joto hutoka kwa mwenye nalo likaenda kwa asiye nalo, na kwa kichanga yule njia iliyobaki ilikuwa moja, mwili uguse mwili.

Nesi alikuwa peke yake zamu ile. Akaitwa kwa mzazi mwingine aliyekuwa anasukuma, akakimbia. Alipotoka tu, wazee wakaingia na kina mama wa umoja wao. Wakaja na mablanketi, mashuka, kofia za sufu. Wakamviringisha yule mtoto, nguo juu ya nguo, mpaka ukitazama huoni mtoto, unaona furushi. Wakaimba. Wakaomba, na mnajua tunavyoomba, kila mtu lazima apate zamu yake na asisahau kuombea serikali. Chumba kimejaa vifua vya moto, vyote vimefungwa vifungo mpaka shingoni! Nani aliingiza japo mkono akagusa miguu ya yule mtoto? Hakuna. Msiitikie "amina" hapo, sijamaliza.

Nesi akarudi, akafungua lile furushi. Miguu baridi. Midomo imebadilika rangi. Hata kulia mtoto hawezi tena.

"Mmefanya nini nyie watu?"

Sasa ndipo yule baba akaelewa. Akatupa koti, akavuta shati vifungo vikaruka, mbele ya wazee, mbele ya mkwe aliyekuwa amerudi mlangoni. Hakuona aibu ya mtu. Akambana mtoto kifuani, nesi akawafunika, akakaa. Muda ukapita, kisha wakamwona anatabasamu huku machozi yanamtiririka.

"Nesi! Njoo umguse! Amepata joto! Mgongo wa moto kabisa!"

Nesi akaja, akagusa. Kweli, mgongo ulikuwa wa moto. Akaweka kile kipimo cha kusikilizia moyo, akasikiliza. Akakisogeza, akasikiliza tena. Akakitoa masikioni.

"Baba, hilo ni joto lako."

"Si ndilo ulilosema nimpe?"

"Nilisema, baba. Nilisema akiwa hai."

Haya, chekeni sasa.

Ndugu zangu, maiti nayo hupata joto. Ikumbatie vya kutosha, itakuwa ya moto kama wewe. Na hiyo ndiyo kazi tunayoiweza sisi! Kwa misiba nani atatushinda? Mtu akifa asubuhi, mchana turubai limesimama. Kina mama wamelala chini na mfiwa, wamemkumbatia usiku kucha. Wanaume wanachimba kaburi vifua wazi, wakwe wanaangalia, na hakuna anayeona haya! Kumbe kuvua tunaweza! Na huyo marehemu alipokuwa kitandani, tulimpa nini? Tulimpa salamu. "Mwambieni tupo pamoja naye." Pamoja naye wapi? Tulimpelekea kilo ya sukari, tukaikabidhi mlangoni, tukaondoka kabla hatujaambiwa karibu ndani. Tunaogopa harufu. Tunaogopa kuonekana. Tunaogopa kushika. Halafu akishakufa tunagombania kubeba jeneza. Mungu anatuona! Anaona saa tunayofika.

Nimekasirika leo, na sitaomba radhi.

Mama Twilumba, aliyefagia kanisa hili miaka yote mnayoikumbuka, amepooza upande mmoja tangu tulipovuna viazi. Kila Jumapili tunasoma jina lake kwenye maombi, kila Jumapili tunasema Bwana umguse. Bwana amguse kwa mkono wa nani? Jana nimemkuta hajageuzwa, mgongo una vidonda, binti yake amelia mpaka amekauka kwa sababu peke yake hawezi kumwinua. Majirani zake ni nani? Nawaona. Mmekaa mstari wa tatu.

Yuko hai. Nasema tena, yuko hai!

Kwaya, kaeni, leo hakuna wimbo wa kufunga. Katibu, hayo matangazo yarudishe mfukoni. Mimi naenda kwake sasa hivi. Kumgeuza kunataka watu wanne, na mmoja ni mimi. Nani anakuja?