Lubaba na Samli ya Nyumba ya Bi Raihana

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Wewe uliye mlangoni, ingia ukae mkekani, na mlango uurudishe nyuma yako. Mwenye kashata mdomoni aimeze kwanza. Mwenye la kumnong'oneza mwenzake amnong'oneze sasa hivi, maana nikianza sitaki kusikia ila pumzi zenu. Kisa hiki nilikipokea kwa bibi yangu mzaa mama, Bi Mwanamize, Mungu amrehemu, na kila alipofika mahali pa jua kuzama alikuwa akishusha sauti, sisi tukashikana mikono bila kuambiwa.

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Shamu, zama za waja wema, aliishi bibi mmoja tajiri, mcha Mungu, jina lake Bi Raihana binti Shaddad. Mumewe alipofariki, akaiweka wakfu nyumba yake kubwa iwe jiko la kulisha mayatima na wasafiri, apate radhi za Mola wake. Jiko likakamilika ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhani. Likabaki jambo moja, mpishi. Bi Raihana akatangaza sokoni: anayeitaka kazi aje apike futari ya siku moja, wageni wangu wafuturu nayo, na mimi niamue. Atakayepata atapewa chakula chake, nguo zake, na chumba kando ya jiko.

Chumba hicho ndicho kilichomnyima raha mwanamke aitwaye Lubaba. Alikuwa mjane, ana mabinti wawili, na walikuwa wakilala katika banda la ngamia la mtu mmoja aliyewahurumia. Sasa msafara wa yule mtu ulikuwa njiani kurudi, naye alikwisha sema kwa upole, kama anayeona haya, "Mama, ikifika Idi, banda nitalihitaji." Na baridi ya nchi ile, wajukuu zangu, si hii ya kwetu ya kujifunika kanga mbili.

Ilikuwa desturi yao kwamba mtu haendi kuomba kazi peke yake. Huenda na mdhamini, asimame mbele ya mwenye nyumba aseme, namjua huyu, na aibu yake ni aibu yangu. Lubaba akadhaminiwa na jirani yake Khaula, mpaka hina, mwanamke mwenye maneno mengi ambaye nyumba zote za wakubwa alikuwa akiingia kupamba maharusi. Asubuhi ya siku ile Khaula akamvika shungi lake mwenyewe, akamzungusha kama anayekagua mbuzi mnadani.

"Ukiingia, toa salamu mara moja, usiirudie kama mwombaji. Ukiulizwa wajua kupika nini, usiseme kila kitu, watajua mwongo."

"Niseme nini?"

"Sema bokoboko. Bokoboko lako naliota hata nikiwa nimefunga, Mungu anisamehe. Na mikono hiyo uiweke ndani ya shungi, imejaa makovu ya moto."

"Si ndiyo mikono ya mpishi, dada Khaula?"

"Ya mpishi, ndiyo, lakini wakubwa hupenda chakula kama kilichojipika chenyewe. Jingine, nisikilize vizuri. Ukiona kasoro katika nyumba ile, hukuiona. Hakuna anayemwajiri mtu aliyemwaibisha mbele ya wageni. Mimi naingia humo kwa miaka, na macho yangu nayaacha mlangoni pamoja na viatu."

Lubaba akacheka, wakaenda.

Walipofika walimkuta mwombaji mwingine amekwisha tangulia tangu alfajiri. Alikuwa mzee Dhakwan, aliyewahi kupika katika nyumba ya amiri, na mkono wake ulikuwa ukisifiwa mji mzima. Lakini amiri mpya alikuja na wapishi wake, na mzee akatolewa. Miguu yake ilikuwa imevimba, naye hakuwa na mtoto wa kumtunza. Bi Raihana akawapa jiko moja, kila mmoja na meko yake, na mtungi mmoja wa samli wa kuchota wote wawili, uliowekwa karibu na moto.

Mzee akapika nyama ya kondoo kwa zabibu na mdalasini. Lubaba akapika bokoboko la ngano na nyama, akiliponda mpaka mabega yakamuuma. Walipoonja, walionja kwa ncha ya ulimi na kutema, kama sheria inavyomruhusu mpishi aliyefunga. Lubaba alipopitiwa na harufu ya sufuria ya mwenzake, moyo ukamwanguka. Mtu yule alikuwa fundi kweli.

"Mwanangu," mzee akamtania, "bokoboko lako limekuwa jeupe kuliko ndevu zangu."

"Na ndevu zako, baba, zimeingia kwenye sufuria zaidi kuliko mwiko wako."

Wakacheka wote wawili. Hawakuwa maadui, na hilo mlikumbuke.

Jua likainama. Wageni wakaanza kuingia, wanaume barazani pamoja na kadhi wa mji, wanawake ukumbini pamoja na Bi Raihana, na Khaula akiwa amekaa mgongo wima kama mwenye harusi. Lubaba akamimina samli juu ya bokoboko ikatanda, ikang'aa. Kikabaki kitu kidogo tu, sinia lake la shaba lilikuwa na doa ukingoni. Akatoka uani kwenye lundo la jivu, achukue jivu la kusugulia.

Mkono wake ukagusa kitu laini.

Akakivuta. Alikuwa panya aliyekufa, na jivu lilikuwa limemganda mwili mzima kama unga unavyoganda kwenye kitu kilichopakwa mafuta. Lubaba akamsogeza puani. Ilikuwa harufu ya samli.

Hapo ndipo Bi Mwanamize alipokuwa akishusha sauti.

Mnajua hukumu yake, maana mmesoma chuo cha Kurani. Panya akifia ndani ya samli iliyoganda, huondolewa yeye na ile iliyomzunguka, na iliyobaki ikaliwa. Lakini samli ikiwa maji, yote imenajisika, na kila kilichopikwa kwayo hakiliki. Lubaba akarudi jikoni akafunga mlango.

"Baba Dhakwan. Nani aliyemtoa panya mtungini?"

Mzee hakugeuka. Akaendelea kupanga nyama sahanini.

"Ilikuwa imeganda," akasema. "Asubuhi, baridi ile, mtungi mzima umeganda. Nimemtoa, nimechota ya pembeni yake nikaitupa. Sheria hiyo."

"Ilikuwa imeganda yote?"

"Nimesema imeganda."

"Moto ulikuwa umewashwa ulipofika?"

Mzee akaufuta ukingo wa sahani. Nje, sauti za watoto zilisikika zikisema muadhini amekwisha simama.

"Baba, niapie tu. Ukiapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba ilikuwa imeganda, nitachukua sinia langu nitoke, na neno hili sitalitaja tena."

Mzee akafungua mdomo. Alikuwa amefunga, mchovu, na kiapo kilikuwa maneno machache tu. Akautazama mwiko wake. Akafunga mdomo.

"Binti," akasema kwa sauti ya chini, "nani anajua? Wewe na mimi. Mmoja wetu akipata kazi hii, mwingine atakula kwake. Ukisema, tunakosa sote. Wanao umewaacha wapi leo?"

Swali lile lilimchoma. Aliwaacha bandani, wamekumbatiana chini ya jamvi. Lubaba akawaona. Akaliona shungi la Khaula mwilini mwake. Akalisikia lile neno, hukuiona. Na samli haikuwa yake, mtungi haukuwa wake, panya hakumtia yeye. Angeweza kusema moyoni mwake kwamba mzee amesema imeganda, dhambi iko kwa aliyesema. Watumishi wakabisha hodi, wakaingia, wakayainua masinia.

"Yashusheni," Lubaba akasema.

Wakamshangaa.

"Yashusheni, tafadhali! Msitoke nayo."

Akaenda mbio mpaka ukumbini, akapiga magoti mbele ya Bi Raihana, akamnong'oneza sikioni habari yote, ila jina la aliyemtoa panya hakulitaja.

Uso wa Bi Raihana ukabadilika. Akawatazama wageni wake, wake wa wakubwa wa mji, tende mikononi, wanangoja. Nyumba yake ya wakfu, siku yake ya kwanza, na panya.

"Nani anajua?" akauliza polepole.

"Mimi, bibi. Na wewe sasa. Na Mwenyezi Mungu."

Bi Raihana hakujibu. Akakaa kimya, na kimya kile kilikuwa kirefu, wajukuu zangu. Lubaba alikuwa akimtazama midomo, na midomo haikutikisika. Ndipo adhana ikasikika.

Bi Raihana akashtuka kama aliyeguswa. Akasimama, akasema kwa sauti waliyoisikia mpaka barazani: "Wageni wangu, fungueni kwa tende na maji. Chakula changu kimeingia najisi. Mnisamehe." Akatuma mtu sokoni akanunue mikate. Khaula akajifunika uso kwa viganja vyake vyote viwili.

Baada ya sala ya magharibi Bi Raihana akaingia jikoni. Hasira ilikuwa bado imemkaa shingoni.

"Nani aliyemtoa panya akanificha?"

Lubaba akainamisha kichwa.

"Nakuuliza wewe, mwanamke. Unataka kazi kwangu, na ninachokuuliza hunijibu?"

"Bibi, la chakula nililazimika kulisema, kilikuwa kinakwenda vinywani mwa watu. La mtu si langu kulisema."

"Basi ni wewe. Umeogopa dakika ya mwisho ukaja kujitakasa kwangu."

Lubaba akageuza uso. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Chumba kile alikuwa akikiona kupitia mlango uliokuwa wazi, kidogo, cheupe, kimepigwa chokaa mpya.

"Siye yeye," mzee Dhakwan akasema. Akajiinua kwa kushika ukuta. "Ni mimi, bibi. Na samli haikuwa imeganda. Ilikuwa nusu imekwisha yeyuka, nikajidanganya kwa ile nusu."

"Tokeni," Bi Raihana akasema. "Nyote."

Njiani Khaula hakunyamaza hata hatua moja. "Umenivua nguo sokoni! Nani ataniita kupaka hina tena? Watasema huyu ndiye aliyeleta yule wa panya!" Walipofika bandani, Lubaba akalivua shungi, akalikunja vizuri, akamrudishia. Khaula akalitazama. Akaangalia ndani, mabinti walikuwa wamekaa macho wakimngoja mama yao alete chochote. Akawafunika wao kwa shungi lile, akaondoka akiendelea kulalama.

Asubuhi, jua halijapanda sana, bandani pakasikika hodi. Alikuwa Bi Raihana mwenyewe, kwa miguu, hana mtumishi nyuma yake. Lubaba akababaika, hana hata kigoda cha kumkaribishia. Bi Raihana akakaa juu ya majani makavu.

"Jana ulinitazama," akasema. "Uliniona nikinyamaza."

"Bibi, mimi sikuona kitu."

"Uliona. Usinidanganye leo wakati jana hukunidanganya. Nilikuwa napima. Nilikuwa najiambia wageni hawatajua, wale chakula, kesho nitatoa sadaka. Kama adhana isingepigwa sijui ningefanya nini." Akafuta macho kwa ncha ya shungi lake. "Mayatima watakaokula kwangu hawana mama wa kuwachungulia sufuria. Na mimi nimeshajijua. Nataka jikoni mwangu awepo mtu atakayesema yashusheni, hata kama mimi nitakuwa nimenyamaza. Chukua wanao, twende."

Lubaba akalia. Kisha akasema jambo ambalo Khaula, alipolisikia baadaye, alijipiga paja.

"Bibi, mkono wa mzee Dhakwan unanishinda. Ukitaka watu wale vizuri, yeye ndiye mpishi."

"Yule aliyenificha?"

"Alikuficha, ndiyo. Lakini aliposema, wewe ulikuwa umekasirika, na mimi nilikuwa nimenyamaza, na angeweza kuniachia mzigo nikaondoka nao. Kusema mahali pale si jambo dogo kwa mzee asiye na kwake."

Bi Raihana akafikiri mpaka mabinti wakaanza kukohoa kwa baridi. "Basi yeye atapika," akasema, "na wewe utashika funguo za ghala na mitungi. Hakuna kitakachoingia sufuriani kabla hujakiona kwa macho yako."

Ikawa hivyo. Na watu wa nyumba ile wakaweka ada, kila asubuhi mtungi wa samli hufunuliwa uani, mbele ya mayatima wenyewe, wachungulie ndani, ndipo moto uwashwe.

Wajukuu zangu, siku moja mtakwenda kuomba kazi kwa watu, na mtataka wawapende. Hakuna ubaya. Oga, vaa vizuri, toa salamu yako kwa adabu. Lakini atakayekuajiri anakutazama siku moja, na pengine siku hiyohiyo naye anatazamwa, moyo wake unayumba, hajui ashike lipi. Usimsaidie kuyumba. Riziki ya Lubaba haikuwa mkononi mwa Bi Raihana hata siku ile Bi Raihana alipodhani inatoka kwake.

Mzee Dhakwan alipofariki hakuacha mali, lakini binti mkubwa wa Lubaba akamrithi mkono, na watu wakawa wanasema nyama ya kondoo ya pale ni ileile. Binti mdogo alirithi funguo za mama yake. Watoto wa Bi Raihana walirithi mashamba ya zabibu, wakagawana kwa amani. Jiko walilirithi mayatima, wao na waliokuja baada yao. Naye Khaula, Mungu amrehemu, hakurithi kitu, ila alipewa sahani ya bokoboko kila Ijumaa mpaka siku ya kufa kwake, akiila huku akisema yeye ndiye aliyemfundisha Lubaba kila kitu.