Dakika Mbili za Kimya

Kila asubuhi, kabla mpiga fidla wa kwanza hajagusa uzi, Walburga Hinterleitner alirekodi kimya. Ndiyo iliyokuwa desturi ya kazi yake. Aliketi sakristia, chumba cha mavazi ya padre, mbele ya mashine ya kanda, hedifoni masikioni, na upande wa pili wa ukuta, ndani ya kanisa la watawa wa Kirchbrunn, wanamuziki thelathini na wanane waliganda kama sanamu za watakatifu. Hakuna aliyekohoa wala kusogeza kiti. Kwa dakika mbili kanda ilizunguka ikinywa utulivu wa mahali hapo: upepo wa Novemba darini, mbao za kale zikijinyoosha, baridi yenyewe. Kimya cha kanisa moja hakifanani na cha lingine, na anayetaka kuunga vipande viwili vya muziki pasipo mshono kusikika sharti awe na kimya cha palepale.

Siku ya tatu, dakika ya kwanza ikielekea kwisha, mwanamke akavuta pumzi.

Haikuwa pumzi ya mbali. Ilikuwa sikioni kabisa, kama ya mtu anayetaka kunong'ona siri. Ikafuatiwa na noti moja ya juu, nyembamba kama uzi wa buibui, kisha ikapotea. Walburga alichungulia kupitia kidirisha cha sakristia. Mwimbaji wao, Rosalia Kneissl, alikuwa ameketi kwenye ngazi za altare, skafu imemfunika hadi puani. Hapakuwa na mwanamke mwingine karibu na maikrofoni.

Mkono wa Walburga ukasimamisha mashine.

"Nini tena?" aliuliza Dakta Prandstätter, msimamizi wa rekodi, bila kuinua macho kwenye karatasi zake.

"Nimesikia... kama sauti, Bwana Dakta."

Dakta aliweka hedifoni moja sikioni, akasikiliza kidogo, akaitupa mezani. "Upepo. Au ni kanda ya zamani, haikufutwa vizuri. Anza upya."

Walburga aliangalia boksi la kanda. Kanda ilikuwa mpya. Karatasi ya kiwandani iliyoifunga alikuwa ameikata mwenyewe asubuhi ileile, na bado ilining'inia kwenye boksi. Angeweza kusema hivyo, lakini akairudisha kanda mwanzo.

"Ndiyo, Bwana Dakta," akajibu.

Jambo lililomtia ubaridi mgongoni ni kwamba sauti ile aliijua. Ilikuwa ya Adelheid Zwettler, mwimbaji wao wa zamani.

Wala Adelheid hakuwa marehemu. Aliuza vifungo na riboni katika duka moja mjini Linz, akiwasemesha wateja kwa mkwaruzo ambao watoto waliuogopa. Mwenyewe alikuwa hai. Sauti yake ndiyo iliyokufa. Nayo ilifia humuhumu kanisani, miaka mitatu iliyopita, mbele ya maikrofoni za Walburga.

Sasa, wiki hii ya Rosalia, walikuwa wakirekodi wimbo wa malkia aliyeachwa na mumewe. Uliandikwa miaka mia mbili nyuma, zama zile watunzi walipochoshwa na muziki wa kusindikizia chakula cha wakubwa, wakaanza kuandika tufani. Fidla zilitetemeka kama majani kabla ya radi, mabaragumu yakalia, ngoma za shaba zikanguruma. Halafu ghafla vyote vilikatika. Kwa mapigo manne hapakuwa na kitu, na baada ya mapigo hayo malkia alipiga ukelele peke yake. Wimbo mzima ulikuwa safari ya kuelekea ukelele huo.

Mchana walikula supu ya madonge ya maini katika chumba cha chakula cha watawa. Kanisani hapakuwashwa moto, kwa kuwa tanuri lilinguruma na maikrofoni zingelisikia. Basi kila mmoja alilikumbatia bakuli lake kama mtoto mchanga.

"Walburga," aliita Alois, mpiga besi, mtu mwenye tumbo kubwa na mdomo mkubwa zaidi, "leo umeshasema maneno mangapi? Matatu? Angalia bwana, usije ukamaliza ya mwaka mzima, Krismasi ukakosa hata la kuombea chumvi!"

"Mwache," mwenzake akadakia. "Huyo anayaweka akiba. Siku akiyatoa tutahama kijiji!"

Watu wakacheka. Walburga alitabasamu, akatazama supu yake. Rosalia, aliyekuwa amekaa kando yake, alimsogelea.

"Dada, wewe unanisikia kwa karibu kuliko hata mama yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Niambie basi. Sauti yangu ikoje? Usinionee haya."

Tangu jana Walburga alikuwa akiusikia mkwaruzo mdogo chini ya noti za juu za Rosalia, kama uzi mmoja ukikatika katika kitambaa cha hariri. Mkwaruzo wa aina hiyo aliwahi kuusikia mara moja tu maishani.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana."

"Eh, afadhali!" Rosalia alishusha pumzi na kukoroga asali katika kikombe chake cha maji moto. "Basi ni koo tu linaniwasha. Baridi ya watawa hii, sijui wao wanaistahimili vipi." Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na alimwamini.

Alasiri walianza ukelele. Mara ya kwanza baragumu liliteleza. Mara ya pili karatasi ya mtu ilianguka. Baada ya hapo kosa halikuwa la mtu yeyote ila la Dakta, ambaye hakutosheka.

"Binti Kneissl," alisema kwenye kipaza sauti cha mezani, na maneno yake yakatoka kwenye spika iliyokuwa karibu na altare, "huyu malkia ameachwa na mume, hajapoteza mwavuli! Nataka moyo upasuke. Tena!"

Wakarudia. Mara ya nne, mara ya tano. Kila mara uzi mwingine ulikatika, na Walburga peke yake ndiye aliyesikia. Na kila mara, katika yale mapigo manne ya kimya, pumzi ilivutwa hedifonini kabla Rosalia hajavuta yake. Mara ya tano ilikuwa kama inatoka mlangoni mwa kanisa. Mara ya sita ilikuwa katikati ya viti. Mara ya saba ilisimama mbele ya maikrofoni, na mishale ya kupimia sauti kwenye mashine ikaruka, ilhali midomo ya Rosalia ilikuwa imefumbwa.

Dakta naye aliiona mishale. Akagonga kioo chake kwa ukucha. "Umeme wa kijijini," akanung'unika, ingawa rangi ilikuwa imemtoka kidogo. Kisha akainamia kipaza sauti. "Tena. Mara ya mwisho. Safari hii usijibakizie kitu."

Walburga aligeuka kumtazama. Miaka mitatu iliyopita Dakta alimwambia Adelheid maneno hayohayo, na baada ya hayo Adelheid hakuimba tena.

Fidla zikaanza kutetemeka. Ngoma zikanguruma. Mwanga wa madirishani ulikuwa wa kijivu, na nyuso za wanamuziki zilionekana kama zimepakwa majivu. Mabaragumu yakalia, vyote vikakatika.

Pigo la kwanza, la pili. Hedifonini safari hii haikuja pumzi. Ulikuja ukelele wenyewe, mdogo na wa mbali, ukipanda, ukipanda, kisha ukachanika vipande viwili kama shuka kuukuu. Pigo la tatu. Kule altareni kifua cha Rosalia kiliinuka na kinywa chake kikafunguka.

Walburga alijitupa juu ya mkono wa Dakta, akabonyeza kitufe cha kipaza sauti, ambacho fundi wa kanda haruhusiwi kukigusa.

"Rosalia, usiimbe!"

Sauti ililipuka kwenye spika, ikagonga kuba la kanisa, ikarudi, ikagonga tena. Rosalia alifumba kinywa. Watu thelathini na wanane waligeukia sakristia.

"Umerukwa na akili wewe?" alifoka Dakta. "Unajua umeharibu nini?"

"Sauti yake inachanika, Bwana Dakta." Hakukiondoa kidole kwenye kitufe, na kanisa lote lilisikia. "Akipiga ukelele mara moja zaidi, imekwisha."

"Upuuzi! Mwenyewe hajalalamika."

Ndipo Rosalia aliposema, polepole, mkono kooni, "Ni kweli anachosema. Tangu jana naonja damu. Nimeona haya kusema."

Alois aliteremsha upinde wake. Hapakuwa na aliyecheka.

Dakta alimtazama fundi wake kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. "Na wewe," akauliza taratibu, "umejuaje?"

Walburga angeweza kusema alikisia tu. Angeweza kuondoa kidole, akamjibu faraghani.

"Kwa sababu nilimsikia Adelheid," akasema. "Mwaka ule niliusikia uzi wake ukikatika, mara tatu kabla haujaisha, nikakaa hapahapa nikizungusha kanda, kwa kuwa nilikuogopa. Wewe ulisema ni bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya, Bwana Dakta. Wewe ulitaka mara moja zaidi, na mimi nilinyamaza. Na leo mchana huyu mtoto aliniuliza, nikamdanganya. Rosalia, nisamehe. Sauti yako si nzuri. Inaumwa. Nenda nyumbani."

Na hivyo ndivyo walivyojua, wale waliomcheka mezani na yule aliyemwamuru miaka yote, kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.