Pimbi Aliyeitika Mara Tatu

Hapo zamani za kale, wanangu, zama ambazo wanyama walivaa majoho na kubishana kwa hoja badala ya pembe, palikuwa na chuo kikuu juu ya kilima. Chuo kilikuwa na ukumbi wa mawe, na ukumbi ulikuwa na dirisha moja. Chini ya dirisha hilo, penye majabali, waliishi pimbi wawili, mama na bintiye. Binti aliitwa Sikitu.

Pimbi mnamjua? Kimo chake kama cha sungura, mkia hana, pembe hana, hana lolote la kumtishia mtu. Ila masikio, Mungu kampa.

Na masikio hayo ndiyo yaliyomtia taabuni. Kila asubuhi Mwalimu Korongo alifundisha ukumbini huku akitembea, tapu, tapu, tapu, kutoka dirishani mpaka ubaoni, kutoka ubaoni mpaka dirishani. Akifika dirishani, sauti yake ilimwagika nje. Akirudi ubaoni, sauti ilikwenda naye. Kwa hiyo Sikitu aliyajua mambo mengi, lakini yote nusunusu. Alijua kwamba siafu wakifika mtoni huwa wana… Alijua kwamba nyota ya asubuhi si nyota hasa, bali ni… Alijua kwamba mvua tunayoiita yetu, kabla haijawa yetu, ilikuwa…

Ilikuwa nini? Tapu, tapu, tapu. Korongo keshaondoka.

Hilo la mvua lilikuwa la mama yake kwanza. Bi Pimbi alilisikia akiwa mwali. Korongo alilifundisha kila mwaka mvua za kwanza zinapokaribia, na kila mwaka aliondoka dirishani palepale, kwenye neno lilelile. Sasa Bi Pimbi amezeeka, meno yamebaki mawili, na bado mawingu yakijikusanya humgeukia bintiye.

"Mwanangu, hivi ile mvua ilikuwa nini?"

"Sijui, mama."

"Basi. Mungu anajua."

Lakini Sikitu moyoni husema: Mungu anajua, na walio ndani wanajua. Ni mimi na mama yangu tu tusiojua. Akauonea uchungu wivu wake, akautubu. Kesho yake akaamka nao tena.

Kwa nini asiingie? Aa! Mlangoni palichongwa mstari, kimo cha ndama wa nyati. Asiyeufikia haandikwi. Mwaka wa kwanza Sikitu alisimama kwa ncha za vidole. Mwaka wa pili akafunga kichwani kilemba cha nyasi, kirefu kama kichuguu. Bwana Nyati, msajili wa chuo, akakipulizia pua. Mfff! Kilemba kikaruka mpaka bondeni.

"Kimo hakitoshi! Nenda kakue kwanza!"

"Bwana Nyati, mimi nimeshamaliza kukua."

"Basi ndiyo mwisho wako! Pimbi we!"

Sikitu akarudi kwenye majabali, akakaa chini ya dirisha, akaendelea kuokota nusu zake.

Mtu mmoja tu pale chuoni alikuwa akimjulia hali, naye ni Karani Kobe, mwandika kitabu cha majina. Kobe alipita majabalini kila alasiri akienda mtoni, na kwa mwendo wake, kupita kwenyewe kulikuwa mazungumzo ya kutosha.

"Usimkasirikie mstari, mwanangu," alimwambia siku moja. "Ule ni wa Nyati. Sheria ya waasisi haikutaja kimo."

"Inasemaje, babu?"

"Inasema: aliyevaa joho, akaitwa na Mkuu kwa jina lake mara tatu ndani ya ukumbi, akaitika Nipo mara tatu, huyo ni mwanachuo. Ndivyo tunavyowaandika wote mpaka leo."

"Na asiyefikia mstari?"

"Haitwi. Hapo ndipo ilipo kufuli."

Sikitu akaliweka neno hilo pamoja na nusu zake. Ila hili lilikuwa zima.

Sasa sikilizeni. Kila mwaka chuo kilifanya kongamano kubwa, Kongamano la Sote Ndani. Wageni walitoka mabonde ya mbali kuja kuona jinsi chuo kinavyowakumbatia wakubwa kwa wadogo, wenye pembe na wasio nazo. Mabango yalitundikwa. Hotuba zilisomwa mpaka nzi wakalala. Na kila mwaka mdogo mmoja alivishwa joho, akasimamishwa jukwaani, Ngedere akampiga picha, tshik! Kisha akavuliwa joho mlangoni, akapewa kipande cha muhogo, akaenda zake. Mwaka juzi alikuwa Panya Buku. Mwaka jana alikuwa Kicheche, ambaye akiulizwa chuo kikoje, hujibu, "Muhogo ulikuwa laini."

Msimcheke Nyati peke yake, wanangu. Hata mimi ninayewasimulia, siku ya arusi yangu nilialika mtaa mzima, viti nikaweka vya ndugu zangu tu. Mungu anisamehe.

Mwaka huo Nyati akateremka majabalini mwenyewe. Vum, vum, vum!

"Hodi hapo!"

"Karibu. Shikamoo, Bwana Nyati."

"Marahaba. Kesho wewe ndiye mdogo wetu. Utavaa joho, utatabasamu, utapigwa picha. Usiongee."

Moyo wa Sikitu ukaanza, pu-pu-pu-pu. Lakini uso ukatulia kama maji ya mtungini.

"Nimeshukuru, bwana. Nitatajwaje?"

"Utatajwa 'mdogo wetu'."

"Haya. Ila wageni wa mwaka jana walinong'ona, nilisikia wakipita hapa. 'Kama ni mwenzao, mbona jina lake hawalijui?'"

Nyati akakunja paji. "Walisema hivyo?"

"Walisema." Na kweli walisema, hapo hakudanganya.

"Jina lako nani?"

"Sikitu binti Pimbi. Mkuu mwenyewe akilitaja, itapendeza zaidi."

"Sikitu binti Pimbi," Nyati akarudia, kama anayetafuna nyasi asizozizoea. "Haya. Joho tutalipunguza."

"La, bwana! Liacheni na urefu wake. Joho ni heshima, na heshima haikatwi."

Nyati akacheka. "Kumbe una akili!"

"Na nitakaa wapi?"

"Kwenye kiti kama wote. Mwaka huu tumechonga viti vipya, vyote kimo kimoja. Usawa mtupu! Hakuna cha mkubwa wala mdogo."

"Kimo kimoja," Sikitu akasema polepole. "Vizuri sana, bwana."

Kulipokucha, Bi Pimbi alimlamba bintiye kichwani akamnyoosha manyoya.

"Mwanangu, ukishaingia humo ndani mara moja, utaweza kurudi kukaa huku nje?"

"Sijui, mama."

"Mimi nilizoea kwa sababu sikuwahi kuingia. Nenda. Nitakuombea."

Ukumbi ulijaa. Tembo, Mkuu wa Chuo, alikaa katikati ya jukwaa. Tembo alikuwa mtu mwema, tena mcha Mungu, lakini macho yake mnayajua, madogo, na huwa hatazami chini. Viti vipya vilipangwa, virefu, vinang'aa, vyote sawasawa kabisa. Sikitu akaongozwa hadi kwenye chake. Akatazama juu. Kile si kiti, ni mnara!

Angeweza kusema, "Jamani, niinueni." Hakusema. Akasimama nyuma ya mguu wa kiti, akajikunja, akaliacha joho limfunike mpaka masikioni. Ukitazama, ungesema ni nguo imeanguka.

Tembo akasafisha koo. Wageni wakanyamaza.

"Na sasa, ndugu wageni, mwenzetu! Mmoja wetu! Sikitu binti Pimbi!"

"Nipo!" sauti nyembamba ikajibu.

Pembeni, Karani Kobe akainua kichwa. Akachora mstari mmoja kitabuni.

Tembo akatazama kiti. Kitupu. Wageni wakageuza shingo huku na huku. Ngedere akaelekeza kamera kulia, akaielekeza kushoto, akaipiga picha hewa, tshik!

"Amekwenda wapi?" Tembo akanong'ona, na mnong'ono wa tembo mnaujua, ulisikika mpaka mlangoni. "Sikitu binti Pimbi?"

"Nipo!"

Mstari wa pili.

Wageni wakaanza kucheka. Nyati akachungulia chini ya meza, akachungulia nyuma ya bango la SOTE NDANI, akakanyaga mkia wa Ngedere. "Yalaa!" Katika kuinuka, jicho lake likaangukia kalamu ya Kobe. Akaona mistari miwili. Akahesabu. Damu ikamwishia usoni.

"Mkuu! Usimwite te—"

Lakini Tembo alikuwa ameshaona haya mbele ya wageni, na mkubwa akiona haya hupaza sauti.

"SIKITU BINTI PIMBI!" Vumbi likadondoka darini.

"Nipo, Mkuu! Nipo! Siku zote nilikuwepo!"

Ko! Kobe akafunga kitabu. "Amevaa joho. Ameitwa na Mkuu kwa jina lake. Ameitika mara tatu. Mwanachuo huyo."

"Hila!" Nyati akanguruma. "Hila hii! Kimo je? Kimo!"

"Kimo kimechongwa mlangoni," Kobe akasema bila haraka. "Humu kitabuni hakimo."

Ukumbi ukawa soko. Huyu anasema afukuzwe, yule anasema abaki. Katikati ya makelele hayo joho likatikisika, kikachomoza kichwa kidogo chenye masikio ya mviringo.

Sikitu alikuwa ameshashinda, wanangu. Angenyamaza tu. Lakini dhamiri ilimsuta.

"Mkuu," alisema, "Bwana Nyati anasema kweli. Nilijificha. Ningeomba kuinuliwa, mngeniinua, sikuomba. Tena joho niliwaambia makusudi wasilikate. Nilitamani sana kuingia, tamaa ikanizidi. Mungu anisamehe, nanyi mnisamehe. Kama hila inafuta jina, lifuteni. Ila naomba kwanza mniambie, mvua ilikuwa nini."

"Mvua gani?" Tembo akauliza.

"Ile ya Mwalimu Korongo. Mama yangu anaingoja tangu akiwa mwali. Yuko hapo nje, chini ya dirisha."

Tembo akainamisha kichwa chake kikubwa, pengine kwa mara ya kwanza ukumbini humo. Akatazama chini. Akamwona pimbi. Akatazama kiti.

"Kwa nini hukukaa?"

"Hakipandiki, Mkuu."

"Nyati, si nilikuagiza viti vya usawa?"

"Ndivyo hivyo, Mkuu! Vyote kimo kimoja! Nilipima mwenyewe!"

Mgeni mmoja akashindwa kujizuia, akakohoa kicheko. Tembo hakucheka. Machozi ya tembo ni mazito, lilidondoka moja tu.

"Hila ni yake, Nyati, na ameikiri. Lakini maficho tulimjengea sisi. Jina libaki."

Nyati akapuliza pua, mfff, akatoka. Mpaka leo hajaufuta ule mstari mlangoni.

Siku ya masomo Sikitu aliingia. Kiti kilikuwa kilekile, fundi wa kukipunguza alikuwa bado "anakuja." Basi akaparamia ukutani, akaketi dirishani. Wakubwa wakaguna, "Dirisha limekuwa kiti siku hizi?" Nje mawingu yalikuwa yakijikusanya.

Tapu, tapu, tapu. Korongo akaja.

"Mvua tunayoiita yetu, kabla haijawa yetu, ilikuwa…"

Akageuka. Tapu, tapu, tapu, kuelekea ubaoni. Sikitu akashika kizingiti kwa kucha zote.

"…maji ya kwa watu wengine."

Sikitu akafumba macho. Alidhani atafurahi. Badala yake akakumbuka miaka yote ya mama yake chini ya lile dirisha, na nusu nyingine zote zilizokwenda na upepo, ambazo hakuna atakayezirudisha. Akageuka, akainama nje. Bi Pimbi alikuwa pale pale, uso juu, masikio wima. Kando yake wamejibanza Panya Buku na Kicheche.

"Mama! Ilikuwa maji ya kwa watu wengine."

Bi Pimbi akayatazama mawingu.

"Alaa," akasema. "Kumbe hata mvua ni mgeni hapa. Na hakuna anayeipima kimo."

"Rudia!" Kicheche akapiga kelele. "Mimi sijasikia vizuri!"

Sikitu akarudia. Na kila Korongo alipokwenda ubaoni, yeye aliinama nje akairudia nusu iliyobaki, mpaka matone ya kwanza yakaanza kugonga majabali, to, to, to, na mama yake hakuondoka kwenda kujificha.

Hadithi yangu imelowa, naianika hapa. Neno lake ni hili: ukimwita mwenzio ndani, muwekee kiti anachoweza kukikalia.