Mgombea Mwenza wa Punda Milia

Aliyeyaona haya kwa macho yake hayupo tena, na waliosimuliwa naye hawapo pia. Kwa hiyo mtaniamini mimi, maana hamna mwingine. Anayetafuna amalize, tuanze.

Mnawajua punda milia na nyumbu. Ukimwona mmoja mbugani, mwenzake hayuko mbali: wanakula pamoja, wanahama pamoja, wanakunywa maji mahali pamoja. Na wala si ndugu. Mmoja ni wa ukoo wa punda, mwingine ana pembe, ndevu, na sura ambayo hata mama yake aliizoea polepole. Zamani hawakuishi hivyo. Kila kabila la wanyama lilikula upande wake, na makabila yote yalikutana kwa jambo moja tu, nalo ni uchaguzi wa Mkuu wa Safari.

Mkuu wa Safari ndiye aliyewaongoza wanyama kufuata mvua majani yalipokwisha. Sheria ilimtaka kila mgombea awe na mgombea mwenza, atakayetembea ubavuni mwake na kushika uongozi endapo mamba angeamua vingine pale mtoni. Na kabla ya kura palikuwa na desturi iliyoitwa Kula Mbele ya Wote. Mgombea na mwenza wake walipewa kiwanja cha majani ambayo hayajaguswa, wakala pamoja asubuhi nzima, huku wapiga kura wakiwatazama kimya. Mchana wapiga kura walipita kukagua kilichobaki. Sababu ilikuwa wazi: wanaotangulia safarini hula kwanza, na walio nyuma hula walichoachiwa.

Enzi hizo Mkuu alikuwa Punda Milia. Wote walimwita Mzee Milia, ingawa uzee wenyewe alikuwa hajaufikia. Alikuwa nadhifu, alitembea vizuri, na alijipenda kiasi. Alikuwa ameshinda chaguzi nyingi, na moyoni aliamini kwamba kilichomshindisha ni hotuba zake. Mwenza wake siku zote hizo alikuwa Nyumbu.

Sasa, Nyumbu alikuwa na moyo mweupe, lakini mdomo wake haukuwa na breki. Alipotumwa kuwapa pole tembo waliofiwa na babu yao, aliinamisha kichwa kwa heshima, akatazama huku na huku, akasema, "Poleni sana, jamani. Ila kwa kweli miti itapumua." Harusini kwa pofu, wale wanyama wakubwa kama ng'ombe ambao dume na jike wote wana pembe, alimsifu bibi harusi kwa uzuri wake mpaka mate yakamkauka, kumbe aliyekuwa akimsifu ni bwana harusi. Mbaya kuliko yote ni ile ya swala. Alipoombwa awaeleze kwa nini waendelee kusafiri na wanyama wakubwa, Nyumbu alitabasamu akasema, "Sisi tunapenda sana kuvuka mto pamoja nanyi. Mamba akishapata nyama laini, hana haja na sisi." Swala wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Kila baada ya balaa kama hilo, Mzee Milia alisimama na kukohoa kidogo. "Mwenzangu alitaka kusema," alianza, kisha akajitahidi kuyapanga maneno upya. Watoto wa mbugani wakaufanya mchezo. Mmoja anatoa upuuzi, mwingine anakohoa na kusema, "Mwenzangu alitaka kusema," na wote wanaanguka chini kwa kicheko. Siku Milia alipoukuta mchezo ule, alijikaza kisabuni, akacheka nao. Lakini aliumia, tena sana.

Mwaka huo alikuwa na kila sababu ya kuwa roho juu. Mpinzani wake alikuwa Nyati, na mwenza wa Nyati alikuwa Pofu, mpole, mkubwa, asiyemkwaza mtu. Milia alikipenda cheo chake na hakuona haya kukiri hivyo akiwa peke yake. Kabla ya uongozi alikuwa punda milia mmoja kati ya punda milia wengi, na anayejua jinsi wanavyofanana ataelewa kwa nini hakutaka kurudi huko.

Mshauri wake alikuwa Bi Ngiri, mama mfupi mwenye haraka, anayetembea mkia juu hata asipoitwa. Alimfuata Milia asubuhi moja kando ya dimbwi.

"Mzee, nikuambie ukweli au nikupambe?"

"Nipambe kwanza."

"Milia yako inang'aa. Sasa ukweli: ukisimama tena na Nyumbu, unamwaga unga. Kitumbua chako kinaingia mchanga, na anayeutia mchanga huo unamlisha mwenyewe."

Milia akatazama maji. "Nyumbu ni wengi kuliko sisi sote. Nikimwacha ndugu yao, wataninyima kura."

"Hao hawana kinyongo. Wataguna siku moja, kisha watafuata walio mbele yao."

"Nimevuka naye mto, Bi Ngiri. Si mara moja."

"Basi mtavuka tena mkiwa raia wa kawaida."

Neno hilo, raia wa kawaida, lilimkaa Milia vibaya. Alipouliza nani angefaa, Bi Ngiri hakusita hata kidogo. Alimtaja Kongoni. Kongoni alikuwa na uso mrefu, shingo iliyonyooka, na desturi ya kupanda juu ya kichuguu kabla ya kusema lolote. Hajawahi kusema neno baya maishani. Wapo waliodai kwamba hajawahi kusema neno lolote, lakini hao walikuwa wapinzani.

Kumwambia Nyumbu ilikuwa kazi. Milia aliandaa maneno yake vizuri, akamkuta Nyumbu akiwachekesha wanawe, akamvuta pembeni.

"Ndugu yangu," alisema, "kwa maslahi mapana ya mbuga, na baada ya kutafakari kwa kina, imeonekana kwamba ni vyema safari hii upumzike."

Nyumbu alimtazama. "Yaani unaniacha?"

"Sijakuacha. Unapumzishwa."

"Lakini sijachoka."

Milia, mtu wa hotuba, alikohoa tu. Nyumbu akainama, akachimbachimba udongo kwa kwato. Baadaye akainua kichwa. "Kongoni ni mzuri," alisema. "Ana uso wa msiba. Atakufaa kwenye misiba." Na alisema hivyo kwa nia njema kabisa, ndiyo maana Milia aliondoka pale akiwa na uzito kifuani.

Kampeni zikaenda kama maji. Kwa tembo, Kongoni alipanda kichuguu, akasema, "Tuko pamoja nanyi," akashuka. Wakamshangilia. Kwa pofu, nyumbani kwa mpinzani wao kabisa, alipanda kichuguu, akasema, "Tuko pamoja nanyi," akashuka. Nao wakamshangilia. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyepanga maneno upya. Bi Ngiri alipita kila mahali mkia ukiwa wima, akiuliza, "Sikusema mimi?"

Ikafika siku ya Kula Mbele ya Wote. Msimamizi wa uchaguzi alikuwa Mzee Kobe, aliyeanza safari ya kuja kiwanjani tangu kampeni hazijaanza ili asichelewe. Alikumbusha sheria: kula ni mpaka jua lifike utosini, na asiyemo kiwanjani asifungue mdomo. Milia na Kongoni wakaingia wakiwa wamenyoosha shingo. Wanyama wote wakawa kimya.

Milia akaanza na mabua ya juu, yale marefu na magumu, maana hayo ndiyo aliyoyapenda. Kongoni naye akaanza na mabua ya juu. Milia akasogea kulia. Kongoni naye, kwa adabu zote, akasogea kulia. Wakagongana vichwa.

"Tangulia, Mheshimiwa," alisema Kongoni.

"Hapana, tangulia wewe."

Wakatangulia wote wawili, wakagongana tena. Asubuhi ikaenda hivyo, huyu akilivuta bua, yule akilivuta hilo hilo upande wa pili. Mabua yakazidi kupungua na njaa ikazidi kukolea. Lilipobaki bua moja zuri pale katikati, wote wawili wakalifuata mbio, na Milia, Mkuu wa Safari, mbele ya makabila yote, akamng'ata Kongoni sikio.

Mzee Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba kwa aibu. Kongoni hakupiga kelele. Alitoka kiwanjani kwa mwendo wa heshima, akapanda kichuguu, akasimama huko akitazama mbali, akisubiri aombwe radhi. Milia akabaki peke yake katikati. Mabua mazuri yalikuwa yameisha, lakini chini yake majani mapana yalikuwa yamesongamana hivyo hivyo, hayajaguswa, na chini ya majani hayo machipukizi mafupi wanayoyala swala hayakuonekana kabisa. Swala walinyoosha shingo, wakatazamana. Bibi yao mkubwa alianza kuwakusanya wajukuu, na kila aliyekuwa na macho aliona kura zinaondoka.

Hapo ndipo ikasikika sauti kutoka nyuma ya umati.

"Mzee! Majani yote hayo matamu hapo chini, na hakuna anayekula? Jamani, mimi nina njaa!"

Umati mzima ulishtuka. Tangu desturi ile ianze, hakuna aliyewahi kufungua mdomo wakati wa Kula Mbele ya Wote. Nyumbu mwenyewe aliziba mdomo kwa kwato, lakini alikuwa amekwisha sema, kama kawaida yake. Bahati yake, Mzee Kobe alikuwa bado na kichwa ndani ya gamba.

Milia akayatazama majani. Akakumbuka kila uchaguzi alioshinda na kila safari aliyoongoza: yeye mbele akikata mabua na kutunga hotuba, na nyuma yake mtu akitafuna taratibu, akiguna, akiyala majani mapana ambayo Milia hakuwahi kuuliza yalikuwa yakienda wapi. Swala walikuta chini pako wazi kwa sababu ya mtu huyo. Hawakumchagua Milia kwa hotuba zake. Aliona haya mpaka masikio yakamlala.

"Mzee, usithubutu," Bi Ngiri alinong'ona kutoka ukingoni. "Atakuharibia. Unamjua."

"Namjua," alisema Milia. Akamgeukia msimamizi. "Mzee Kobe, sheria inaniruhusu kumtaja mwenza mwingine?"

Kobe akatoa kichwa, akaliangalia jua kwa muda ambao wengine waliona ni mrefu mno. "Halijafika utosini," alisema. "Ruksa."

Milia akainua sauti ili hata walio mbali wasikie. "Ndugu Nyumbu, nilikosea. Nilikuacha kwa sababu ya maneno yako, na sikufikiria kazi yako. Mbele ya wote hawa nakuomba radhi. Njoo tule."

Nyumbu akapita katikati ya umati mpaka ukingoni mwa kiwanja, akasimama. "Naweza kusema kitu kwanza?"

Milia akafumba macho. "Sema."

"Uliponiacha niliumia, Mzee. Niliacha hata kuguna, wanangu wakadhani naumwa. Tena hotuba zako ni ndefu, sote tunasema hivyo, ila wewe hukohoa tukadhani zimeisha, kumbe ndiyo zinaanza." Umati ukaangua kicheko, tembo nao wakacheka, na baada ya kitambo kidogo Milia mwenyewe akacheka, safari hii bila kujikaza. "Basi nimemaliza," alisema Nyumbu. "Nile upande gani?"

"Hapo nyuma yangu kidogo. Kama siku zote."

Wakala. Milia alikata mabua machache yaliyobaki pembeni, Nyumbu akaja nyuma akiyafagia majani, na jua lilipofika utosini machipukizi yalikuwa wazi, ya kijani, yanameta. Bibi wa swala akaingia, akaonja, akawaita wajukuu. Kesho yake asubuhi Nyati na Pofu nao wakala kwenye kiwanja chao. Walipotoka, palikuwa na udongo na nyayo tu, na Pofu, kwa upole wake, akaomba radhi kwa vumbi.

Mzee Milia akashinda, na safari hii alijua kwa nini. Alitoa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa, kisha akampa mwenza wake nafasi ya kushukuru. Nyumbu akaushukuru umati, akamshukuru Kobe kwa kufika, akawashukuru hata waliompigia Nyati kura, akiwataja mmoja mmoja kwa majina, wote waliokuwa wamelificha jambo hilo.

Na tangu siku hiyo punda milia na nyumbu hawajaachana. Mvua zikihama wanahama pamoja: punda milia mbele akikata mabua, nyumbu nyuma yake akila majani, na swala wadogo wakifuata, wakikuta chini pako wazi. Kongoni yuko juu ya kichuguu mpaka leo, bado anasubiri aombwe radhi. Nyumbu naye haachi kusema. Pita mbugani mchana wowote utamsikia akiguna, akiguna, wala hanyamazi. Mtazame punda milia wakati huo. Nyumbu akianza tu, yeye huinamisha kichwa haraka, akakizamisha majanini mpaka machoni. Wageni hudhani anakula.