Kata ya Maji ya Kwanza

Sogeeni. Mwenye ulimi wa kuingilia kati aufunge kwanza, mwishoni nitauhitaji.

Mji wa Kimbeja ulikunywa kutoka kisima kimoja, na ulikuwa na watu watatu wenye vipaji. Mkasiwe alikuwa na masikio: sisimizi akiburuta punje nyuma ya ukuta, yeye alimsikia. Mbwarahaji alisokota kamba za makumbi ya nazi ambazo hazijapata kukatika. Shekue alijua lugha ya mazimwi, aliyofundishwa na bibi yake, na hakuna aliyemwonea wivu kwa hilo.

Shekue alikuwa na binti mmoja, Kidawa, wa miaka saba, ambaye macho yake yalikuwa yakiingia ukungu. Dawa ilijulikana. Kisima kikizibwa kisha kikafunguliwa, kata ya kwanza ya maji huponya ugonjwa wowote, na kwa desturi hupewa aliyekifungua. Hunywewa na mtu mmoja kabla jua halijazama. Ikigawanywa, ni maji tu.

Basi zimwi likaja, likajaa kisimani. Watu walishangaa limejuaje njia, na Shekue naye alishangaa, mbele za watu. Yeye ndiye aliyelialika. Walipatana siku saba, lakini alisahau kwamba zimwi huhesabu siku moja kila linapoamka, na likilala limelala. Miezi miwili ikapita, zimwi limeamka mara nne. Watu walifuata maji mwendo wa siku nzima, na mji ulikuwa umezika wazee wawili waliokufa kwa kiu. Shekue alibeba majeneza yote mawili. Alihuzunika kweli, na bado aliiwazia ile kata.

Akawaendea wenzake. "Nishusheni nikaliondoe."

"Litakula," Mbwarahaji akasema.

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha," Shekue alijibu, kisha akatamani asingesema.

Zimwi lililolala halisikii, na lililoamka hula kabla ya kusikiliza. Kuna pumzi chache tu katikati. Mkasiwe alilaza sikio kwenye ukingo siku tatu, bila kula, mpaka akazisikia pumzi hizo zikibadilika. "Sasa," akasema.

Mbwarahaji alizungusha kamba kiunoni mwa Shekue, akaishika peke yake, akamteremsha.

Shekue alishuka gizani, akaliambia zimwi kwa lugha yake kwamba mapatano yamevunjwa, liende. Zimwi likamjibu kwa lugha ya watu, kwa jeuri tu: "Si wewe uliyeniita?" Kisha likapiga ukelele, likaruka nje, likatokomea. Ukelele ule ulipasua masikio ya Mkasiwe. Kamba ikavutwa na mruko huo, ikachana viganja vya Mbwarahaji hadi mfupani, naye hakuiachia mpaka mwenzake alipotoka.

Mkuu wa mji, Mwinyimvua, akateka kata ya kwanza. "Aliyeshuka ndiye aliyefungua," akasema, akamkabidhi Shekue.

Mkasiwe alikuwa akimtazama, damu ikimtoka masikioni. Je, alilisikia lile swali kabla ya ukelele? Shekue hakuweza kujua. Kidawa alikuwa ameshika kanzu yake. Kunyamaza tu, na mtoto anapona macho.

"Mimi ndiye niliyelialika zimwi," akasema.

Hata leo hajui kama neno hilo lilitolewa na toba au na macho ya Mkasiwe. Naye Mkasiwe hakulisikia. Alikuwa kiziwi tayari.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," akasema mtoto wa mmoja wa marehemu. "Mnyang'anyeni. Apewe Mbwarahaji. Msokota kamba asiye na viganja ataishije?"

"Na Mkasiwe? Nani angejua wakati wa kushuka bila yeye?" akadakia mwingine.

"Kidawa je?" akauliza mama mmoja. "Yeye amekosa nini?"

Shekue akairudisha kata kwa Mwinyimvua kwa mikono miwili, asimwage hata tone. Hakuomba kitu. Jua lilikuwa limegusa mapaa.

"Baba," Kidawa akauliza, "mbona watu wamenyamaza?"

Nami naishia hapo. Sasa fungueni ndimi. Kata iko mikononi mwako na jua linazama: wewe ungempa nani anywe? Na ukimpa Kidawa, kesho utawatazamaje watoto wa wale wazee wawili? Na usipompa, nani atamjibu swali lake?