Ratiba ya Siku Tisa

Wapendwa, kaeni. Nanyi wa nyuma mlioegemea ukuta sogeeni mbele, viti vipo. Najua mmechoka. Hata mimi nimechoka. Wiki hii nimekaa kwenye vikao vinne, na vyote vilifunguliwa kwa sala. Kwa hiyo leo sitawapandisha mlima. Nitawasimulia habari za mwanamke mmoja aliyechoka kuliko sisi sote.

Palikuwa na kwaya moja, mbali kidogo na hapa, msianze kutazamana. Ilikuwa na watu ishirini na wawili, na katibu wake alikuwa mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa daftari na penseli. Mnawajua watu wa namna hiyo. Kila kanisa linaye mmoja, na kazi zote huishia mapajani mwake kwa sababu hajajifunza kusema hapana.

Siku moja ikaja barua kutoka Uholanzi. Aliyeiandika alikuwa bibi wa miaka themanini na sita, ambaye zamani alikuwa mkunga katika hospitali ya misheni ya pale pale kwao. Miaka thelathini na mmoja alizalisha wanawake wa tarafa ile. Nusu ya kwaya, katibu akiwemo, walipokelewa duniani na mikono yake, nao walimwita Mama Mkunga mpaka siku anaondoka. Sasa barua ilisema, kwa Kiswahili chake kile kile cha wodini: "Wanangu, magoti yangu yamekwisha, siwezi kuja tena. Njooni ninyi. Njooni mniimbie nikiwa nasikia bado. Nyumba ipo."

Kanisa zima lilipiga vigelegele. Katibu alilia, tena hadharani. Ikaundwa kamati. Na mnajua wenyewe, jambo la furaha likishaundiwa kamati, furaha hukaa nje ikisubiri wamalize.

Kikao cha kwanza kilianza vizuri. Katibu aliandika juu ya ukurasa: siku tisa, na zote tisa kwa Mama Mkunga, katika kijiji chake kidogo kilichoko mpakani kabisa mwa Uholanzi na Ubelgiji. Ndipo mwenyekiti akakohoa.

"Jamani, Ulaya hatuendi kila mwaka. Tufike Uholanzi halafu tusiione Amsterdam? Tukirudi tutawaambia nini watu? Hii iwe ziara ya utamaduni, tuimbe na tujifunze."

Nani angebisha? Utamaduni si dhambi. Katibu akachukua kifutio, akafuta siku mbili za Mama Mkunga, akaandika Amsterdam.

Jumamosi iliyofuata mwalimu wa kwaya alisema kuna mji unaitwa Haarlem, una kinanda cha kanisani kirefu kama ghorofa, na mwanamuziki anayepita karibu na kinanda kile bila kukisikia ataulizwa siku ya hukumu. Sauti ya kwanza, wale akina mama mnaowajua, wakataka kengele za mnara wa Brugge. Mzee wa kanisa akaitaka Gent, maana alisikia kuna picha ya kale sana ya madhabahuni. Mhazini aliwahi kuona Delft kwenye kalenda, na hilo lilimtosha. Tena mtu akakumbusha kwamba kutoka Delft kwenda Antwerp ni treni tu, na ukishafika Antwerp, Brussels ni pua na mdomo.

Vikao hivyo vilikuwa baada ya mazoezi, chai ikiwa imekwisha poa. Katibu alikuwa anatoka kusahihisha madaftari ya watoto sitini, miguu imevimba, kichwa kizito. Kila mtu aliposema "lakini jamani," yeye alifuta. Siku saba zikawa nne. Nne zikawa mbili. Mbili zikawa usiku mmoja, na usiku mmoja ukawa chakula cha mchana. Mwenyekiti akasema chakula kitawachelewesha treni, basi ikawa chai. Tumefundishwa kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hatukuambiwa kwamba haba na haba pia hukimwaga.

Mwezi wa nne wa vikao, ratiba ikiwa tayari kuchapwa, ikagundulika kwamba kijiji kile hakina hata kituo cha treni.

"Kwani ni lazima twende mpaka kwake?" akauliza mhazini. "Si aje Antwerp, tumsalimie pale stesheni?"

"Magoti yake," akasema katibu.

"Basi tutampigia simu tukishafika. Atafurahi huyo! Wazee wanapenda simu."

Katibu alijua kwamba ni vibaya. Nawaambia kweli, alijua. Akafungua mdomo. Lakini kubishana kulitaka nguvu, na kufuta kulitaka kifutio tu. Akafuta.

Hebu tuulizane hapa. Ni wangapi kati yetu tuliomkosea mtu bila hasira, bila tamaa, bila chuki yoyote, ila kwa kuchoka tu?

Sasa ikabaki viza. Mama Mkunga akatuma barua ya pili, ile rasmi ya mwaliko, kurasa tatu. Katibu akatazama sahihi, akaona ipo, akaibana na ratiba kwa pini, akapanda basi la alfajiri kwenda mjini. Njia nzima alisinzia. Akapanga foleni ubalozini mpaka akafika dirishani kwa dada mmoja mwenye miwani, mpole, anayesoma kila neno.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Barua hii ya mwaliko umeisoma?"

"Nimeisoma," akasema katibu. Alikuwa amesoma ile sahihi tu.

Yule dada akafungua ukurasa wa pili, akasoma taratibu: "'Nimesafisha banda la nyuma, lile lililokuwa la ng'ombe. Majirani wameniazima vitanda, sasa vimetimia ishirini na viwili. Nimevitandika tayari, maana kwa mikono yangu hii navitandika viwili tu kwa siku, nisingependa wanangu wanikute bado natandika. Watalala kwangu siku zote tisa.'" Akainua macho. "Sasa mama, kwenye ratiba yenu sioni siku ya kwenda kwa huyu bibi. Labda kuna ukurasa nimeuruka?"

Katibu akaweka kidole kwenye ratiba, akakishusha. Amsterdam. Haarlem. Delft. Antwerp. Brussels. Gent. Brugge. Kidole kikafika chini ya karatasi kikakosa pa kwenda.

"Sina ubaya mama," akasema yule dada. "Nauliza tu ili nijaze fomu. Aliyewaalika, mnamwona siku gani?"

Wapendwa, katibu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Kwetu sisi mgeni hushusha mzigo kwa aliyemwita. Hata uwe umealikwa na maskini wa mwisho kijijini, huanzi kuzunguka kutazama mageti ya watu kabla hujapiga hodi kwake. Mtoto anajua hilo. Kamati nzima ya watu wazima ilikuwa imelisahau kwa miezi minne, na aliyeshika kifutio alikuwa yeye.

Akaomba dakika tano. Akaenda kukaa kwenye benchi la korido, akafungua daftari lake. Akavifikiria vile vitanda, viwili kwa siku, siku kumi na moja. Akalia kidogo. Kisha akakitoa kile kifutio, akafuta Brugge. Akafuta Gent. Akafuta mpaka Amsterdam. Msidhani alikuwa shujaa. Kuna uchovu unaomfanya mtu akubali kila kitu, na kuna uchovu unaomfanya aseme basi. Akararua ukurasa, akarudi dirishani. Ulikuwa na mstari mmoja: Siku tisa, kwa Mama Mkunga. Kwingine tutakwenda akitupeleka yeye.

Dada akausoma, akatabasamu. "Kamati imekubali hili?"

"Kamati itaniua," akasema katibu. "Pokea, mwanangu, kabla sijaogopa."

Mnataka kujua kamati ilisema nini? Ilinuna, tena sana. Mwenyekiti alidai kaharibiwa ziara. Wenye kuitaka Delft wakaambiwa wakaitafute kwenye kalenda. Hayo tuwaachie wenyewe. Mimi nalitaka lile swali la dirishani.

Wahenga walisema usikatae wito, kataa neno. Hawa hawakukataa wito. Waliupokea kwa mikono miwili, wakaufanya tiketi. Na sisi je? Nani alituita hapa asubuhi ya leo? Tuna ratiba, nimeibandika mwenyewe mlangoni. Kuna matangazo, kuna matangazo ya nyongeza. Kwaya tatu, na kila kwaya nyimbo mbili maana wakipewa moja wananuna. Kuna kutambulisha wageni, kuna ripoti ya jengo, kuna salamu za mwenyekiti, ambaye salamu zake mnazijua. Yote mazuri! Simlaumu mtu. Hakuna mji hata mmoja mbaya katika ratiba ile. Lakini shusheni kidole pamoja nami, kutoka juu mpaka chini. Aliyetualika, tunamwona saa ngapi?

Na nyumbani je? Tunaamka tunasema nitaomba saa nzima. Saa inakuwa nusu, nusu inakuwa dakika tano, dakika tano zinakuwa "Bwana, unajua" tukiwa tunafunga viatu. Tunampigia simu tukiwa stesheni. Na Yeye ndiye ambaye mikono yake ilitupokea kabla hatujaijua dunia. Kule kwake kumetandikwa zamani.

Ndugu zangu, nimechoka kufuta. Nina kurasa mbili zaidi hapa, zimo kwenye ratiba, na nilizipenda sana nilipoziandika. Mnaziona? Nazikunja. Kwaya ya vijana, samahani, mtaimba wiki ijayo. Mzee wa zamu, matangazo yabaki mfukoni mwako.

Tuinamishe vichwa, tukae kimya. Tumefika kwake. Tupige hodi.